Mchanga Ndani ya Sanduku la Upepo

Sanduku lilitengenezwa na kaka yangu, na karibu kila aliyeliona kwa mara ya kwanza aliuliza huyo maiti ana urefu gani. Lilikuwa la mbao, mdomo wake wa mraba, nalo lilienea kutoka ukuta mmoja wa karakana ya chuo karibu hadi ukuta wa pili. Mwisho mmoja ulikuwa na feni ya kuvuta hewa. Mwisho wa pili, hewa inakoingilia, ulijazwa mirija ya kunywea soda iliyopangwa kama sega la nyuki, ili hewa iingie ikiwa imenyooka kabla ya kwenda kuvurugika ndani. Mirija hiyo tuliipanga nyumbani, sebuleni, mimi na mama, huku mama akilalamika kwamba alizaa watoto wenye akili timamu, sijui nani aliwaloga.

Mwenye sanduku alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Wanafunzi aliowafundisha walimwita Mama Kokoto, kwa sababu hakuweza kupita karibu na ukuta usiopigwa lipu bila kuupapasa. Tulipotembea pamoja mjini nilizoea kujikuta nazungumza peke yangu. Nikigeuka, namwona amesimama kando ya jengo la watu, kiganja ukutani, macho ameyafumba, kama anayetafuta mapigo ya moyo. Mlinzi akija kuuliza kulikoni, humjibu kwa upole, "Nautazama tu, ndugu yangu," na mlinzi hubaki kaduwaa, asijue amfanye nini mtu anayetazama kwa mkono.

Kabla ya kufundisha alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Jengo lilikuwa na njia za hewa zilizojengwa kwa matofali matupu ndani ya kuta, na feni ilinunuliwa kwa kufuata jedwali la kitabu. Jedwali lile lilikuwa la mabomba ya bati laini. Basi hewa ikawa inatoka na nguvu zake zote, inakwenda ikikwaruzana na matofali njia nzima, na ikifika kwenye meza za mwisho imechoka hoi. Wanawake walioshona huko mwisho walikuwa wakianguka. Meneja alisema wanaanguka kwa kuwa hawanywi chai asubuhi. Wifi alishika kipande cha kitambaa chepesi mbele ya tundu la hewa, na kitambaa hakikutikisika. Aliniambia kwamba kitambaa kile ndicho kilichomrudisha masomoni, umri umekwenda na binti yake tayari anavaa viatu vya mama yake.

Alitaka kutengeneza hesabu ya kompyuta ambayo ukiipa sura ya ukuta, yaani ukubwa wa vinundu vyake na jinsi vilivyokaa, itakwambia hewa itapoteza nguvu kiasi gani njiani, kabla hujanunua feni. Si kazi ndogo. Hewa iendayo kasi haitembei kwa mistari. Inajikunja, inajisokota, inazaa vimbunga vidogo, navyo vinazaa vingine vidogo zaidi, na kila kinundu cha ukuta kinachangia vurugu yake. Hakuna awezaye kuhesabu kimbunga kimoja kimoja. Unachofanya ni kuikata ile njia ya hewa, ndani ya kompyuta, iwe vyumba vidogo maelfu kwa maelfu, na katika kila chumba unaweka kanuni ya kukisia vurugu kwa jumla. Vyumba vilivyo karibu na ukuta vinataka kuambiwa ukuta unakwaruza kiasi gani. Hapo ndipo alipokwama.

Sanduku la kaka lilikuwa shahidi wa hesabu. Mbao za sakafu na dari yake zilibandikwa mchanga uliochekechwa, chembe zote za ukubwa mmoja. Feni ikiwashwa, kioevu chekundu hupanda ndani ya mrija wa kioo uliolazwa mshazari ubavuni mwa sanduku, na kadiri kinavyopanda ndivyo nguvu inavyopotea. Hesabu ilisema kioevu kifike hapa. Kioevu kilifika pale, chini kwa karibu moja ya tano. Wifi alirudia, kikafika pale pale. Alirudia tena. Kioevu kilikuwa na ukaidi wa mtoto aliyekataa uji.

Na muda wake wa masomo ulikuwa umekwisha kuongezwa kwa mara ya mwisho. Kamati ilikuwa ikae kabla ya muhula kufungwa. Kama hesabu na sanduku visingekubaliana, jina lake lingefutwa, na miaka yote ile ya kusoma akiwa mama wa nyumba, mwalimu na mkwe wa watu ingekuwa imepotea.

Profesa wake, mtu mpole, bingwa wa mabomba ya maji, aliyemtakia mema bila unafiki, alimwonyesha njia ya kutokea. Nilikuwapo karakanani siku hiyo, nimempelekea chakula.

"Mama, hii namba ya ukwaruzaji hapa, umeiweka sawa na ukubwa wa chembe. Ipunguze kama nusu hivi, uone."

"Nikiipunguza?"

"Mistari inakutana. Unaandika, unamaliza, tunakuja kwako kula pilau."

"Na chembe zenyewe zitakuwa zimepungua, Profesa?"

"Chembe hazitasoma tasnifu yako."

"Lakini mtu atanunua feni kwa kuisoma."

Profesa alicheka, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Kila mtu hurekebisha. Si dhambi."

"Si dhambi. Ila sitajua nimerekebisha nini."

Alisema hivyo bila ukali, akafunua chakula chake, akaanza kula. Nimewajua watu wengi waliopunguza namba zao nusu ili mistari ikutane, kazini na hata katika ndoa, na siwezi kuwarushia jiwe. Maisha yana mwisho na kamati zina tarehe zake. Ndiyo maana nilimtazama wifi akitafuna taratibu, nikawaza kwamba ama huyu ni mjinga, ama kuna kitu amekishika ambacho sisi wengine tulikiachia zamani bila kusikia kikianguka.

Alianza kusaka kosa. Kwanza alishuku kwamba sanduku linavuja, naye alipomwambia mumewe, kaka alichukia. Mtaani kaka yangu, seremala, anaitwa Msasa, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu.

"Sanduku langu livuje? Hilo mbu akiingia hatoki."

"Sijasema linavuja, Msasa. Nimesema nataka kuhakikisha."

"Ni kama kumwambia mtu humwiti mwizi, unamkagua mifuko tu."

Walilipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Hakuna kiungo kilichotoa hata pumzi. Wifi aliazima mrija mwingine wa kioo, jibu likawa lile lile. Alipima kasi ya feni, ikawa sawa. Mwishowe akasema yafunguliwe yale mapande ya juu, wafute vumbi ndani, labda mchanga umezibwa na uchafu. Kaka alifungua parafujo moja moja, akinung'unika. Mimi nilishika ndoo.

Wifi alikamua kitambaa kibichi juu ya ubao wa mchanga, akainama kufuta, kisha akasimamisha mkono.

"Msasa."

"Naam, mke wangu."

"Haya maji mbona yamesimama?"

"Yamesimama wapi?"

"Hapa. Ona, yamekaa kama shanga. Mchanga na gundi hunywa maji. Huu haunywi."

Kaka alichungulia, na uso wake ukachanua kwa fahari. "Utakunywaje na una vanishi? Nimeupiga koti mbili. Ile isiyong'aa, ya bei mbaya."

"Nani alikwambia uupige vanishi?"

"Aniambie nani? Mbao haitoki kwangu uchi. Tangu nianze kazi hii, hata ya banda la kuku."

Nilidhani wifi atalia, nikaweka ndoo chini ili niwe na mikono ya kumshika. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa sanduku, na kaka akabaki anatutazama mmoja baada ya mwingine, akiuliza kosa lake ni lipi, si alizuia mchanga usibanduke?

Vanishi huteremka. Ilikuwa imeingia kwenye mabonde kati ya chembe ikayajaza, ikaviviringisha vichwa vya chembe. Hesabu iliambiwa ukuta wenye mchanga mkavu, na sanduku lilikuwa na ukuta mwingine kabisa. Vyote viwili vilisema kweli, kila kimoja juu ya ukuta wake.

"Nitengenezee mbao nyingine," wifi alimwambia. "Uchi kabisa."

Kaka alizitengeneza kwa uso wa mtu aliyeambiwa ampeleke mwanawe shule bila nguo. Zilipowekwa, feni ikawashwa, na haukupita muda tukasikia mlio kama mvua ya mawe juu ya bati. Chembe zilikuwa zinabanduka, zinapigwa na mapanga ya feni. Feni ikaanza kukoroma. Kaka alisimama kando, mikono kifuani.

"Sema tu," wifi alimwambia baada ya kuzima.

"Mimi? Sina neno. Nilikuwa nasikiliza muziki."

Wifi alikaa juu ya stuli akaikagua feni, panga baada ya panga. Muhula ulikuwa unakimbia. Nilimwona akitazama ile namba iliyoandikwa ukutani kwa chaki, ile ambayo ingepunguzwa nusu na mambo yakaisha. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Basi vanishi ibaki. Ukuta wetu ndio huu. Kosa langu ni kuieleza hesabu ukuta wa mtu mwingine."

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi wa meno bandia. Wifi alimwendea, akarudi na lile tope laini linalotumika kuchukulia sura ya ufizi, akalimimina juu ya ubao wenye vanishi, likaganda, akalibandua. Hapo ukuta ukawa mkononi mwake, kinyume chake, kila bonde limekuwa kilima. Alilikata kwa wembe vipande vyembamba kama vya kitunguu, akavipima kwa lenzi, kimoja baada ya kingine, meza nzima ya chakula ikageuka maabara. Mama alikula kwenye kochi, sahani mapajani.

"Mwanangu," mama alimwambia mkwewe, "na hivyo navyo huliwa kwa ndimu?"

"Havijaiva bado, mama."

Alichotafuta ni njia ya kuipa kompyuta sura yenyewe ya vinundu, urefu wake, nafasi kati ya kimoja na kingine, upana unaoukabili upepo, ili hesabu ijitafutie ukwaruzaji bila yeye kuutaja. Hesabu ilipokamilika, ilisema kioevu kifike pale pale kilipokuwa kikifika siku zote. Na ukwaruzaji uliojitokeza humo ulikuwa karibu na nusu ya ukubwa wa chembe.

Profesa alipoona, alipiga paja. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia namba, Profesa. Hukuniambia imetoka wapi."

Profesa alifikiri kidogo. "Ilitoka kwenye jibu," akakubali mwenyewe, kwa sauti ya chini.

Lakini kamati ilipokaa, shida ilikuwa hapo hapo. Mtahini wa nje, mwanamke mwembamba ambaye hata salamu aliitoa kama stakabadhi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Jibu la sanduku ulilijua kabla ya kutengeneza hesabu hii mpya?"

"Nililijua."

"Basi nitajuaje kwamba hukulifuata jibu?"

"Huwezi kujua," wifi alisema. "Na mimi nikiapa, kiapo si kipimo."

"Sasa tufanyeje, Mama?"

"Nipe ukuta nisioujua. Nitabashiri kwanza, ndipo tuwashe feni."

Profesa alikohoa kwa nguvu. Alikuwa ameshapata ahadi ya wajumbe wawili kwamba watampitisha na masahihisho madogo. Jaribio hilo likishindikana mbele ya wote, hapakuwa na masahihisho wala muhula mwingine. Wifi alimsikia akikohoa, lakini macho yake hayakumwacha mtahini.

Mtahini alikwenda mwenyewe kwa kaka, akamwambia atengeneze mbao mpya na akamweleza namna, kisha akamfunga mdomo. Wifi angepewa sura ya tope tu. Siku zile nyumba yetu ilikuwa taabu. Kaka, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya zawadi, alihamia kula uani. Akiulizwa chumvi iko wapi, anasitasita.

"Nyumba hii siku hizi ina mambo ya usalama wa taifa," mama alisema.

"Mwache, mama," wifi akamjibu. "Ukimgusa atapasuka."

Lile tope lilipoletwa, wifi alilipapasa kwanza, macho yamefumba. Vishimo vilikuwa vichache. Mchanga ulikuwa umetawanywa, chembe hapa, chembe kule, na uwanda mtupu katikati. Alikata, akapima, akaipa kompyuta. Kompyuta ikasema ukuta huo utaitesa hewa kuliko ule wa kwanza uliojaa mchanga tele, tena kwa zaidi ya nusu.

Nilimwambia kwamba sielewi. Chembe zimepungua, ukwaruzaji unazidi vipi?

"Wifi, watu wakisimama wamebanana uwanjani, upepo unawapata wa mbele tu, kisha unapita juu ya vichwa. Watawanye. Kila mmoja anapigwa kifuani peke yake."

"Una hakika?"

"Kwamba utazidi, nina hakika, vitabuni limo. Kwamba utazidi kiasi hiki..." Aliokota kipande cha tope, akakigeuza. "Hesabu haijawahi kuulizwa swali hili. Na mimi sijawahi."

Siku ya jaribio karakana ilijaa. Wifi aliandika ubashiri wake ubaoni, kisha akachora mstari kwa kalamu ya wino kwenye mrija wa kioo, mahali kioevu kitakapofika. Ulikuwa juu mno ya alama ya zamani, ile ya mbao za kwanza. Watu walinong'onezana. Mtahini alisema atakubali kosa la upana wa kidole kimoja, juu au chini, na akakionyesha kidole chenyewe, chembamba kama alivyo yeye.

Profesa alimsogelea wifi. "Mama, ipande, sawa. Lakini siyo huko. Shusha kidogo ujiachie nafasi. Bado hujachelewa."

"Nikishusha, nitakuwa nimebashiri woga wangu, Profesa, siyo ukuta."

Nilimtazama kaka. Ni yeye aliyezitengeneza zile mbao, chembe kwa chembe, na moyo wake wote wa useremala ulimwambia kwamba ubao wenye mchanga kidogo ni laini kuliko wenye mchanga mwingi. Aliuangalia mstari ule juu kabisa ya kioo, kisha akamwangalia mkewe, akafumba macho. Nikajua anaamini wameanguka.

Feni iliwashwa. Kioevu kilikaa tuli, kama hakijasikia, halafu kikaanza kupanda. Kilifika kwenye alama ya zamani, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Kimesimama." Hakikusimama. Kiliipita alama, kikaendelea polepole, kikitetemeka, na kadiri kilivyopanda ndivyo karakana ilivyozidi kuwa kimya, hata nikasikia mirija ya soda ikipiga mluzi mwembamba mwisho ule wa pili. Wifi alikuwa ameinama, mikono magotini. Kioevu kilipunguza mwendo karibu na mstari, kikasita, kikabaki chini yake kidogo.

Mtahini aliinama, akaweka kidole juu ya kioo. Alikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndani," alisema.

Kaka alifumbua macho. Profesa alimshika mkono wifi akautikisa kama anayevuta pampu ya maji, wajumbe wakaanza kukusanya makoti yao. Mtahini alikuwa tayari anatia saini. Wifi peke yake hakuwa amesogea.

"Kiko chini kidogo," alisema.

"Kiko ndani ya kidole, Mama. Umepita."

"Nimesikia, nashukuru sana. Lakini kiko chini. Naomba tuzime, tuwashe tena."

Kwa mara ya kwanza mtahini alicheka, meno yote nje. "Yaani kamati imekupitisha, wewe unataka kujirudisha?"

"Nataka kujua hicho kidogo ni nini."

"Msasa!" wifi akaita, bila kugeuka. "Zima."

Kaka alizima. Tulisubiri kioevu kishuke, nacho kilishuka kwa mwendo wake wenyewe, bila kumjali mtu. Profesa, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alirudi akavuta stuli akaketi.